Nahodha Aliyeniita Shemeji

Tulimzika nahodha Mafuru mwezi uliopita kule Murangi, kwenye shamba lake la mihogo linaloteremka hadi ziwani. Mke wangu alikaa mbele pamoja na wanawake wa kwaya, mimi nikakaa nyuma kwenye benchi la wageni. Nikiwa pale, bibi mmoja nisiyemfahamu alinigeukia akauliza, "Wewe si ndiye mwalimu wa Nyabwire?" Nikamjibu kwamba ndimi. "Basi na wewe umekuja," akasema, kama mtu aliyekuwa na shaka. Nimeshavuka miaka sitini. Nimefundisha Musoma, nimekuwa mwalimu mkuu Bunda, nimestaafu kwa heshima na watu wazima wananiamkia njiani. Lakini kwa wale waliokuwa wakipanda kivuko cha Kinesi miaka ile, mimi ni mtu mmoja tu: mume wa Nyabwire, yule mwenye wivu. Hawakosei. Wivu nilikuwa nao, na pale msibani, jeneza likiwa mbele yetu na mke wangu akijifuta macho kwa pembe ya kitenge, niliusikia ukiamka tena kifuani, mzima kabisa, kana kwamba marehemu angeweza bado kuinuka akamwita.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ulianza bila sabuni madukani, na ukaisha sabuni zikiwa zimepangwa hadi pembeni mwa barabara. Wenzangu wa rika langu wataujua. Duka la ushirika lilikuwa na mizani, kalenda na muuzaji, hakuna kingine. Shati langu la kufundishia lilifuliwa kwa majani ya mpapai, likabaki na rangi ya maji ya mto. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Buhare, mimi na Nyabwire, mwaka wetu wa pili wa ndoa, na bado hatujapata mtoto. Chumba cha ndani kilikuwa na kitanda na sanduku lake la bati. Cha nje kilikuwa na meza ninayosahihishia madaftari, viti viwili, na dirisha moja lisilofunga vizuri. Ukuta uliotutenga na jirani yetu, Mama Wegesa, haukufika juu kwenye bati, kwa hiyo tulijua anachopika, na yeye alijua tunachosema. Asubuhi tulikunywa uji bila sukari. Jioni tulikula ugali wa muhogo na mchicha, mchicha na ugali wa muhogo, na mimi mtu wa Butiama, niliyekulia kwenye maziwa na nyama, ugali ule ulikuwa unanikaa kooni.

Nyabwire hakuwa mtu wa kukaa na kulalamika. Alikuwa Mjita wa Murangi, amezaliwa maji yakiwa mlangoni. Jioni moja aliniambia, "Mwalimu, ng'ambo kuna vitu. Watu wanavukaga asubuhi, jioni wanarudi navyo." Nilimuuliza vitu gani. Akasema samaki, ndizi, na sabuni inayotoka upande wa mpakani. Nikasema hiyo sabuni ni magendo, na mimi ni mtumishi wa serikali. "Sabuni itakaa chini ya ndizi," akanijibu. "Wewe hutaiona." Nilikubali. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilikubali haraka vile, na jibu ni kwamba nilikuwa na njaa.

Kivuko chenyewe, ambacho wengi wetu tulikiita pantoni, kilikuwa cha chuma, kipana, kimeliwa na kutu ubavuni. Kilikuwa na mlango wa mbele ulioshuka hadi mchangani kupakia baiskeli, ng'ombe, wagonjwa wanaoletwa hospitali na wanawake wenye makapu. Juu, mwisho wa ngazi nyembamba ya chuma, kulikuwa na kibanda chenye vioo ambamo nahodha alisimama. Kiliondoka gati la Mwigobero, upande wetu wa Musoma, kwenda Kinesi asubuhi kwa honi ndefu na kurudi jioni kwa honi nyingine, na katikati kilikwenda na kurudi kadiri mafuta yalivyoruhusu. Mimi nilikuwa nakiona kwa mbali tu nikienda shuleni. Maji siyapendi. Mtu aliyekulia kwenye vilima vya mawe akichunga ng'ombe hana sababu ya kusimama juu ya kitu kinachotikisika.

Nahodha nilimjua kwanza kwa jina, na nilimjulia mezani. "Mafuru anasema mvua zitachelewa." "Leo Mafuru alimkatalia mgambo asishushe kapu la mama mmoja." "Mafuru anasemaga mtu akitazama mbali hatapiki." Nyabwire alirudi jioni amechoka, nywele zina harufu ya moshi wa mashine, akatenga chakula, na kabla sijanawa mikono Mafuru alikuwa ameshaketi nasi. Alikuwa kijana wa kwao Murangi, akanieleza, wamekua pamoja, kwa hiyo anamwita kaka. Siku moja alifunua sufuria na ndani kulikuwa na sato mkubwa, amepikwa na nyanya, mafuta yakielea juu. Sikuwa nimeona samaki wa namna ile tangu harusi yetu. Nilikula kwanza, nikasifia, nikachukua kipande cha pili, ndipo nikauliza kanunua wapi. "Sikununua," akasema. "Katupatia kaka Mafuru. Kasema mpelekee shemeji." Nilikuwa na nyama ya samaki mdomoni. Nikaitafuna hadi ikaisha ladha, nikaimeza, lakini jioni ile nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi hadi Nyabwire akalala.

Siku chache baadaye nilikuwa nasahihisha hesabu, Nyabwire bado hajarudi, nikamsikia Mama Wegesa akiongea na mgeni wake upande wa pili wa ukuta. Walikuwa wanachambua dagaa. Nilisikia vidole vyao kwenye ungo. "Yule wa hapa jirani siku hizi hakai chini na sisi," mgeni alisema. "Anapanda juu kwa nahodha. Ana kiti chake kule." Mama Wegesa akamjibu polepole, "Nyamaza, mumewe yupo." Vidole vikaanza tena kwenye ungo, haraka kuliko mwanzo. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Niliwapa watoto wote alama ya kosa kwenye swali moja, wakiwemo waliopata, na kesho yake ikanibidi niwarekebishie mbele ya darasa.

Jumamosi ile nilipanda kivuko. Nyabwire nilimwambia nina kikao Bunda. Nilisubiri apande yeye kwanza, kisha nikaingia katikati ya watu wenye ng'ombe, nikajibana nyuma ya dume mmoja mweusi. Tulipopita mawe yaliyo mbele ya gati na kuingia maji makubwa, chuma kilianza kuinuka na kushuka chini ya miguu yangu. Nikainua macho kutafuta kitu kisichotikisika, na macho yakaishia kwenye kile kibanda. Mafuru alikuwa ameegemea mlango, mrefu, kofia ameisukuma nyuma, anakunywa chai kwenye kikombe cha bati. Aliyeshika usukani alikuwa mke wangu. Alikuwa amevua viatu. Alikuwa anatazama mbele, mikono imetulia, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona tangu nimuoe, wala mezani, wala kitandani, wala siku ya harusi. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameridhika tu. Hakuna abiria aliyeshangaa, kwa hiyo nilijua si mara ya kwanza. Nilitapika kando ya yule dume, na mwenye ng'ombe akanipisha, akasema, "Tazama mbali, mwalimu. Mtu akitazama mbali hatapiki."

Nyabwire alinikuta gatini Kinesi nimekaa juu ya gunia. Hakuuliza kikao cha Bunda kilivuka ziwa lini. Alinipa maji ya kunywa na akaniletea ndizi. Mafuru alishuka ngazi akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shemeji, karibu. Leo umetutembelea." Neno lile lilikuwa halali. Kwa desturi yao mtu wa kijiji kimoja na mke wangu ana haki ya kuniita hivyo. Lakini kila alipolitamka nilisikia kama ananikumbusha kwamba alimjua kabla yangu.

Nyumbani, nilifunga dirisha kwa kipande cha mbao ili Mama Wegesa asipate yote. "Nataka uache kuvuka," nikamwambia. Nyabwire alikuwa anakunja nguo. "Kwa sababu ya usukani?" "Kwa sababu nimesema." Alikunja nguo iliyokuwa mkononi, akakunja nyingine. "Nitaacha," akasema. "Lakini usije ukaniambia mchicha hauna ladha." Hilo pia lilinikasirisha, kwamba hata katika kutii alikuwa na maneno ya mwisho.

Akaacha. Kapu likaning'inizwa msumarini. Alipika, alifagia, alilima kile kipande cha nyuma ya nyumba, alikwenda kanisani na kurudi, na kila nilipotoka shuleni nilimkuta. Nilikuwa nimepata nilichotaka, na sikupata usingizi. Maana honi ya asubuhi ilipolia, popote alipokuwa, alisimama. Akiwa anaosha vyombo, mkono ulitulia ndani ya maji. Akiwa ananimiminia uji, uji uliacha kumiminika, kisha ukaendelea. Jioni ilikuwa hivyohivyo. Ningeweza kumkataza asiende gatini, lakini honi ilifika hadi Buhare, na ilipofika alikuwa anaondoka huku amekaa mbele yangu. Siku moja sikuvumilia, nikamuuliza, "Unamuwaza?" Akanitazama kama ameshtuka. "Nani?" akauliza. Na niliona kwamba hakuwa anajifanya. Hakujua kweli ninamsema nani.

Katika siku hizo Mafuru alikuja shuleni. Nilikuwa darasani. Watoto waliruka kwa furaha wakamwamkia kwa pamoja, "Shikamoo nahodha," kwa sauti ambayo mimi sikuwahi kuamkiwa nayo. Tulikwenda kusimama nyuma ya tangi la maji. Alivua kofia, na bila kofia alionekana mdogo, pengine alikuwa na umri kama wangu.

"Shemeji, Nyabwire anaumwa?"

"Haumwi."

"Watu wa pantoni wananiuliza kila siku."

"Waambie yuko kwake."

Aliizungusha kofia mikononi. "Nitakuambia kitu, na ukitaka kunipiga utanipiga nikimaliza. Mimi nampenda yule dada. Tangu tukiwa Murangi. Nilipomwona anapanda pantoni mwanzoni mwa mwaka, nilidhani Mungu amenirudishia. Nikamwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kama anaishi kwa shida, aje kwangu."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Kaka Mafuru, mimi napandaga pantoni kwenda ng'ambo. Sipandagi kuja kwako.' Kisha akaniomba nimfundishe usukani. Basi nikamfundisha. Sikumtajia tena lile jambo, wala yeye hakulitaja." Akavaa kofia. "Nimekuja ili usimfungie ndani kwa ajili yangu. Hajakukosea."

Watu wengine, nikiwasimulia kisa hiki, wananisubiri niseme kwamba nilikuwa nimemshuku bure mtu mwema. Sikumshuku bure. Mtu yule alimtaka mke wangu na akamwambia kwa mdomo wake, na ni haki yangu kutomsamehe, ingawa sikumpiga. Jambo lililonisumbua lilikuwa lingine, na nilirudi nalo darasani, nikafundisha nalo somo la jiografia bila kujua ninasema nini. Nyabwire hakumwambia, "Nina mume wangu." Ndilo jibu ambalo ningelitia kinywani mwake kama ningekuwepo. Hakunitaja. Alisema anakwenda ng'ambo. Nilikuwa nimeshindana na mwanamume yule miezi yote ile, nimemchukia hadi nikajua sauti ya viatu vyake, na kumbe wote wawili tulikuwa tumekaa upande mmoja, tunamtazama anaondoka. Mwanamume ningeweza kupigana naye. Ng'ambo ningeipiga vipi? Sikumwambia Nyabwire kwamba Mafuru alikuja.

Mvua zilipokaribia kuisha, mambo yalibadilika ghafla. Redio ya Mama Wegesa ilikuwa inasikika kwetu kama ni yetu, na jioni moja ilitangaza kwamba mwenye uwezo wa kuleta bidhaa kutoka nje sasa ameruhusiwa kuzileta. Walimu shuleni walibishana siku nzima. Mmoja alisema nchi imeuzwa, mwingine akamuuliza kama angependa kuuziwa kipande cha sabuni. Nyabwire alisikiliza taarifa ile akiwa amesimama karibu na ukuta, ungo mkononi. "Umesikia, mwalimu?" akaniuliza. "Sasa sabuni inakaa juu ya ndizi." Asubuhi iliyofuata nilimkuta amevaa, kapu kalitoa msumarini.

"Naenda," akasema.

"Wapi?"

"Ng'ambo."

Hakuniomba ruhusa na hakunisubiri nijibu. Nilibaki na bakuli la uji. Nilipotoka shuleni nilikuta ufunguo kwa Mama Wegesa.

Mchana ule upepo ulikuja kutoka ziwani na vumbi lote la mji likahamia upande wetu. Kabla sijavua viatu Mama Wegesa aliingia bila kubisha. "Mwalimu, pantoni imezima katikati. Mashine imekufa. Watu wanakimbilia gatini." Tulikimbia wote wawili. Mwigobero ilikuwa imejaa watu, na kile kivuko kilionekana, kidogo, kimelala upande katika mahali pasipo pake, mbali na njia yake, na upepo ulikuwa unakisukuma kuelekea kwenye mawe. Mawimbi yalikigonga na kukifunika kwa povu, kisha kikaonekana tena. Wenye mitumbwi ya mashine walikuwa wanazunguka wakikusanya petroli, kila mmoja akitoa alichoficha, na petroli wakati ule ilikuwa inafichwa kuliko dhahabu. Mwanamke mmoja alikaa chini akaweka mikono kichwani. Mama Wegesa aliniuliza, "Yumo?" Nikasema yumo.

Wengine walisali. Mimi nilitaka kusali nikashindwa, kwa sababu kila nilipofumba macho niliona kile kibanda cha vioo. Niliwaza kwamba wakizama, watazama pamoja. Niliwaza atamshika mkono. Niliwaza kwamba maneno ya mwisho ya mke wangu katika dunia hii atayasikia Mafuru, na mimi nitabaki hapa gatini na ufunguo wa nyumba mfukoni, mtu asiyejua hata kuogelea. Niliogopa kifo chake, na niliogopa pia kwamba hata kifo chake hakingekuwa changu. Sijawahi kumwambia mtu jambo hilo hadi leo ninapoliandika.

Mitumbwi ilikifikia. Tuliona kamba zikirushwa, moja ikakatika, wakarusha nyingine. Kilianza kugeuka taratibu kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani, na watu wa gatini walipiga kelele mara moja tu, kisha wakakaa kimya kana kwamba kelele zingekata kamba. Kilifika jua likiwa bado juu ya maji. Mlango wa mbele ulishuka, wakatoka wazee, wakatoka wagonjwa, wakatoka ng'ombe wakitetemeka. Watu walikumbatia watu wao. Nyabwire alikuwa wa mwisho kabisa. Alikuwa amelowa hadi kichwani, kitenge kimemganda mwilini, kapu la sabuni na ndizi bado liko mkononi. Mafuru alikuja nyuma yake, mkono mmoja umefungwa kitambaa chenye damu. Walipofika mchangani alimwambia kitu kwa Kijita, maneno mawili matatu, na Nyabwire akacheka. Alicheka hadi akainama, na Mafuru naye akacheka, wakiwa wamesimama hivyo na maji yanawatiririka, na watu waliotoka nao wakaanza kucheka pia.

Nilimwendea nikachukua kapu. Sikumkumbatia, watu wa kwetu hatukuwa na mazoea hayo hadharani. "Mlikuwa mnacheka nini?" nikauliza.

Alinitazama, bado ana cheko machoni. "Hutaelewa," akasema, kwa upole kabisa. "Ulikuwa nchi kavu."

Jioni ile nilipika mimi. Alikuwa anatetemeka ndani ya blanketi, nikasonga ugali uliotoka na mabonge, akaula wote. Alinisimulia siku nzima, kamba ilivyokatika, mgonjwa mmoja alivyowaongoza kuimba, alivyoshika usukani wakati Mafuru ameshuka kwenye mashine na mkono ukakatwa na chuma. Alipofika pale pa kicheko alijaribu kunieleza, akashindwa, akaanza kucheka tena peke yake. Nikacheka naye. Sikujua tunacheka nini. Nilicheka kwa sababu alikuwa hai, na katikati ya kicheko nilimwonea wivu kila mtu aliyekuwa ndani ya pantoni ile, hata wale ng'ombe.

Kivuko kilitengenezwa kikarudi majini. Asubuhi ya kwanza nilimbebea Nyabwire kapu hadi gatini. Alipanda, akapita katikati ya watu, akapanda ile ngazi ya chuma. Mafuru aliniona, akainua mkono wake wenye bandeji, akasema, "Shemeji." Nikamwitikia, "Shemeji." Honi ikalia karibu yangu kuliko nilivyozoea, nikaisikia hadi miguuni. Nilisimama pale hadi kivuko kikapita mawe na kuingia maji makubwa, nikaenda shuleni nimechelewa, nikaandika tarehe ubaoni, nikawaambia watoto wakae.